Mkeka Nyuma ya Tangi

3 Machi

Dada yangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye, kama ulivyonifundisha. Mimi mzima, ila miguu inanung'unika kwa ajili ya ngazi. Mama anaendeleaje na nyonga yake? Mwambie nimefika salama, na ile shuka aliyonifungia ndiyo ninayojifunika. Najua hapendi simu, anasema sauti isiyo na uso ni ya kuogopwa, kwa hiyo nitaandika nawe umsomee.

Kazi nimeipata kweli, Dada, si maneno ya kijiweni. Kampuni imenipa jengo zima na mimi ndiye fundi mkuu. Ni ghorofa nne, vioo vya kijani mbele, jirani na kituo cha zimamoto. Tunaweka kiyoyozi kimoja kikubwa juu ya paa la zege, ukubwa wake kama chumba cha mama na ukumbi wake. Kitapandishwa kwa kreni, kitakaa juu ya kitako cha chuma, halafu hewa baridi itateremka kwenye mabomba mapana ya bati tunayoyaita dakti, iende kila ofisi. Nikiiwasha mashine hii ikakubali, bosi ameahidi kunipa nyingine tatu. Fikiria, Dada! Ile ada ya chuo uliyokuwa unanitumia sasa inazaa.

Kitu kimoja tu kinanikera. Kule juu, nyuma ya tangi la maji, wafagiaji wa jengo wamejifanyia kambi. Nimekuta birika, kioo kilichovunjika pembe, ua limepandwa kwenye kopo la rangi, na shuka imefungwa kwa kamba kama hema. Na hapo hapo ndipo msimamizi wa jengo alipochora alama kwamba mashine ikae. Nimevisomba vyote nikavirundika ukutani. Mkeka wao umechakaa lakini umenifaa, nimeutandika chini ya mitungi ya gesi. Wanawake wenyewe walisimama mlangoni wakanitazama, na mmoja akasema, "Ngoja Spika arudi." Nikauliza Spika ni nani. Wakasema ni mwenzao, anauguza kwao, na ndiye msemaji wao. Basi wakacheka kama watu wanaojua mvua inakuja.

Jumamosi sina kazi. Niambie ofisi yako iko mtaa gani hapa mjini, nikawasalimie makarani wenzako, niwaambie mgonjwa anaendelea vizuri.

Kitindamimba wenu,
Kitinda


10 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Mama anapata nafuu. Anakaa kitandani akitoa amri. Jana amenikataza kukata vitunguu kwa sababu eti navikata kwa hasira, na ni kweli. Barua yako nimemsomea, nikairuka sehemu moja. Mungu anisamehe.

Habari ya kazi yako ilinipigisha magoti, nikashukuru mpaka machozi. Nakuombea asubuhi na jioni, jina lako halijawahi kukosa. Sasa baada ya kukuombea, acha nikugombeze.

Wale wanawake ni watu. Umeingia mahali pao na viatu vyako, hukubisha hodi, hukusalimia, ukasomba vyombo kama mtu anayesafisha banda. Mama alikulea hivyo? Mimi nilikulea hivyo? Birika lirudishe lilipokuwa. Lile ua limwagilie maji. Likikauka sitakusamehe upesi. Na ule mkeka utoe chini ya mitungi leo hii, kabla hujatia kitu kinywani. Mkeka wenye pindo la uzi mwekundu watu wanasalia juu yake, si wa kuwekea gesi.

Tena nikuulize, mimi nisiyejua mambo ya mashine: paa zima hilo, chuma chenu hakiwezi kukaa mahali pengine? Lazima kikae pale pale watu wanapopiga magoti?

Ofisini kwangu usiende. Wana shughuli nyingi siku hizi.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Mimi sikukuandikia habari ya uzi mwekundu.

Mara ya kwanza niliisoma barua yako ngazini, nikacheka kwamba dada amekasirika. Niliposoma mara ya pili nikapanda juu. Nikaisogeza mitungi, nikaugeuza mkeka. Uzi mwekundu upo, mishono mikubwa mikubwa ya mama, anavyoshona kama mtu anayekimbizwa. Na pembeni pana doa la pasi. Ile pasi niliiangusha mimi kabla sijaanza shule, Dada, na wewe ukasema ni wewe, ukapigwa. Nimelalia mkeka ule utoto wangu wote, na wiki iliyopita nimeukanyagisha mitungi.

Nikawafuata wale wanawake. Nikawauliza, huyo Spika wenu ni mfupi, ana pengo la mbele, akiimba anafumba jicho moja? Wakaangua kicheko. "Kumbe unamjua!" Yule mnene wanayemwita Katapila akaniambia ghorofa yako ya tatu wanaifagia wao kwa zamu ili jina lako lisikatwe kazini. Nikamwambia wewe ni dada yangu. Akanipima toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Basi wewe ndiye yule fundi tuliyekuwa tunamwombea mitihani. Tuliomba vibaya."

Miaka yote hii, Dada. Nimewaambia watu dada yangu ni karani. Nimejigamba nalo. Ulidhani nitakuonea aibu?

Kuhusu mahali pa mashine, nimemuuliza mhandisi. Ni mtu mstaarabu. Anasema nguzo zinabeba sawasawa upande huu wa tangi na upande ule, na alama ya kwanza yeye aliiweka upande ule. Msimamizi ndiye aliyeihamisha. Na msimamizi mwenyewe amenieleza sababu bila kificho, funguo zikimlia kiunoni: "Ukiiweka hapo, fundi, watatoka wenyewe. Panya hafukuzwi kwa maneno, unaziba shimo." Nikacheka naye, Dada. Nilicheka kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Kreni inakuja wiki ijayo. Bosi yeye msimamo wake ni kwamba mteja akitaka mashine ikae kichwani kwake, tumuulize tu upande gani wa kichwa. Nikikataa, ninatoka, na zile tatu zinatoka nami. Nifanye nini? Sema neno.

Kitinda


20 Machi

Kitinda,

Mama amenikamata. Nilikuwa namsomea barua yako nikiruka ruka, akasema, "Barua gani hiyo yenye mashimo? Anza upya, na safari hii usiruke kama mbuzi." Nikasoma yote, ukarani na ufagio. Mama akasema, "Mimi nilijua. Karani gani ana magoti yenye sugu?" Nikamwambia sugu ni za sala. Akasema, "Na za kusugua." Alijua miaka yote akaninyamazia, kama mimi nilivyokunyamazia wewe. Familia hii kila mtu anamficha mwenzake kitu kilekile.

Sasa nisikilize. Sikukuficha kwa aibu; hilo lifute kabisa. Baba alipofariki uliniandikia kwamba unaacha chuo, unatafuta vibarua. Nikakujibu nimepata ukarani, tulia. Nilikuwa nakujua. Ungejua dada yako anasugua vyoo usingekaa darasani hata mchana mmoja, na leo tungekuwa wafagiaji wawili na fundi hakuna. Uongo nimeshautubu, ni kati yangu na Mungu. Lakini ufagio sijautubu na sitautubu. Ufagio una dhambi gani?

Na ile kona usidhani tuliiokota. Tulikuwa na chumba cha ndoo chini ya ngazi. Tulikaa humo, tulikunywa chai humo, tulibadilisha nguo humo. Huyo msimamizi, sisi tunamwita Bwana Funguo, akakipangisha kwa mtu wa mashine za kunakili. Tukamuuliza, sisi tukale wapi? Akasema, "Si mna vyoo?" Kitinda, nimekula chooni. Nimesimama na mkate mkononi, upande wa pili mtu anavuta maji. Nikasema, hapana, Mungu hakuniumba nile hapa. Nikashika ngazi, nikapanda mpaka zilipokwisha. Nikakuta kivuli cha tangi, upepo, na mbingu imekaa karibu. Nikaleta mkeka wa mama. Kesho yake tulikuwa wawili, na kabla mwezi haujaisha tulikuwa sote. Wengine wanasali wameelekea huku, wengine kule, wengine wanafumba macho tu walipo. Katapila anasali kwa sauti mpaka njiwa wanahama. Mungu hajalalamika hata siku moja.

Hatukuomba ruhusa kwa mtu. Wala hatutaomba.

Riziki yako mimi siiamulii. Kazi ni yako, na dhamiri utakayolala nayo ni yako. Ila mama amenishika mkono niandike maneno yake kama yalivyo: "Nilimzaa na miguu miwili ili asimame." Basi, hayo ndiyo ya mama.

Ukitaka kujua mimi ningefanya nini, utakuwa hunijui. Jina la Spika sikupewa kwa ukimya.

Dada yako,
mfagiaji wa ghorofa ya tatu


29 Machi

Dada Spika,

Nimehamisha alama.

Mhandisi alipita, akatazama, akasema, "Huku ndiko nilikosema tangu mwanzo," akaendelea na safari yake. Nikakata tundu la kupitishia dakti kwenye zege upande wa pili wa tangi, nikafunga kitako cha chuma. Bwana Funguo hapendi ngazi, zinamtoa pumzi, kwa hiyo hakujua lolote mpaka siku ya kreni. Anafika, mashine inaning'inia angani, yeye yuko barabarani anapunga mikono, "Kule! Kule!" na mimi juu namwonyesha dereva wa kreni huku. Dereva akatoa kichwa dirishani: "Jamani, mashine ni moja. Fundi nani?" Nikasema mimi. Akaishusha taratibu, ikakaa kwenye kitako chake kama mfuniko kwenye sufuria. Katapila alipiga vigelegele mpaka watu wa zimamoto wakatoka nje kutazama.

Tukafunga dakti, tukavuta umeme, nikapima gesi. Mashine hizi haziamshwi ghafla, Dada. Tumboni mwa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, kuna hita ndogo. Unaiacha ipashe mafuta tangu jana yake, ndipo unawasha. Ni kama mama asubuhi, ukimkurupusha utajuta. Basi nikawasha hita nikaenda zangu. Narudi kesho yake kuiwasha mashine yenyewe, nakuta mlango wa paani una kufuli jipya, na wenzako wamesimama ngazini, birika liko sakafuni. Bwana Funguo anasema kule juu sasa pana mali ya thamani, mfagiaji hapiti. Mimi peke yangu ndiye nitakayefunguliwa na kufungiwa.

Nikamwambia, mlango ukiwa wazi kwa wote, mashine itawaka. Ukiwa na kufuli, mkono wangu haugusi swichi. Akacheka, akampigia bosi. Bosi hakuuliza hata kisa. Akasema, "Washa au shuka."

Nimeshuka, Dada.

Kabla sijashuka nilimwambia Bwana Funguo jambo moja, kwa sababu kazi ni kazi. Ndani ya dakti bado mna vumbi la zege na chembe za bati kutokana na tulivyokata. Nilikuwa nimepanga tuzifagie pamoja na kina Katapila ndipo niwashe. Nikamsihi zifagiwe kwanza. Akasema, "Wewe si umeshuka? Shuka."

Nakuja nyumbani nimuuguze mama, wewe urudi. Mkeka niliufua nikautandika mahali pake kabla ya kufuli, kwa hiyo umebaki upande wa pili wa mlango pamoja na lile ua lako. Mimi mlango ule umenishinda. Nadhani unakungoja wewe.

Kitinda


7 Aprili

Dada,

Tulikutana mlangoni kama watu wanaopokezana zamu. Uliniachia dawa za mama, ukaniambia saa za kumgeuza, ukachukua kikapu, ukaenda. Hukuniambia utafanya nini huko. Nilipomuuliza mama akasema, "Na wewe ulimwambia kabla hujashuka?"

Mama hajambo. Anasema napika kama nafunga dakti, kila kitu kimenyooka na hakina ladha. Jana ametembea mpaka dirishani kwa fimbo. Majirani wawili wameniletea friji zao, kwa hiyo mikono haijalala.

Nimesikia uzinduzi ni Jumamosi, na wamemleta fundi mwenye miwani. Namfahamu. Ni fundi mzuri, tatizo lake hajawahi kumwambia mtu hapana. Wakimwambia washa, atawasha. Kwa hiyo, Dada, nakuomba, mkumbushe Bwana Funguo habari ya dakti. Najua alivyowatenda. Mwambie hata hivyo, ili ikitokea lolote tusiwe tulijua tukakaa kimya.

Na nikwambie ukweli, ninaogopa. Mimi nimepoteza kazi moja na ninayo nyingine mikononi. Wewe wakikufukuza kwa umri huu, nani atakuchukua? Ukitaka kurudi nyuma, hakuna atakayekucheka hapa. Nilimsomea mama maneno haya kabla sijafunga bahasha. Anasema niongeze: "Asirudi hapa kichwa chini. Kitanda ni kimoja, na ni changu."

Kitinda


13 Aprili

Mama, na Kitinda,

Mpini wa birika umelegea, pembe ya kioo bado haipo, na mimi naandika nimekaa kwenye mkeka. Mmeshajua basi jinsi ilivyoisha. Lakini ngojeni niwapandishe ngazi zote, msiruke kama mbuzi.

Niliporudi sikugombana na mtu. Nilifagia ghorofa yangu, saa ya chai ilipofika nikapanda mpaka ngazi ya mwisho, nikakaa, mgongo nimeuegemeza kwenye lile kufuli. Wenzangu wakaja mmoja mmoja. Tukanywa chai pale, tukasali pale. Kesho yake hivyo hivyo. Watu wa ghorofa ya nne wakawa wanachungulia, wengine wanatusalimu. Mara Bwana Funguo huyo, anapanda anahema. "Mama, mnaziba njia." Nikamuuliza, "Njia ya kwenda wapi, Mzee? Si mlango umefungwa?"

Ujumbe wako wa dakti nilimpa palepale, kwa heshima zote. Nikamwambia, mdogo wangu anasema zifagiwe kabla ya kuwasha, tufungulie mlango tuzifagie leo leo. Akanitazama. "Wewe ni fundi au mfagiaji?" Nikasema, "Mfagiaji, Mzee. Ndiyo maana ninajua uchafu." Akaniambia nifagie ngazi na ninyamaze. Ngazi nilifagia. Kunyamaza kulinishinda.

Ijumaa tukakaa sote tukashauriana. Tukasema siku ya uzinduzi tutafagia jengo lote mapema, ling'ae, asipatikane wa kusema tumegoma. Tukimaliza tutapanda tukae ngazini na mafagio magotini, na hatutashuka kwa jambo lolote mpaka mlango ufunguliwe. Mmoja wetu, mwenye watoto wadogo, akasema kwa sauti ya chini, "Wakitufukuza je?" Katapila akamjibu, "Watufukuze tutoke wapi? Chooni?" Lakini mimi niliona Katapila mwenyewe alivyokuwa anakunja kunja khanga yake, na mimi pia niliogopa. Kwa hiyo tuliomba. Hatukuomba tushinde. Tuliomba asitokee wa kushuka peke yake.

Jumamosi wageni wakajaa ukumbi wa chini, meza na vitambaa vyeupe, mwenye jengo mwenyewe na suti ya rangi ya maziwa. Fundi mwenye miwani akapita katikati yetu akisema samahani, samahani, nasi tukamsogezea miguu, hana kosa. Bwana Funguo akamfungulia, akamfungia huko juu kama kuku, akashuka.

Kitinda, tuliisikia ikiamka. Kwanza feni, vuuu. Halafu ule mngurumo wa chini, unaousikia miguuni kabla ya masikioni. Wenzangu wakanitazama. Nisikufiche, nilivimba kichwa. Nikasema, hiyo ni kazi ya mdogo wangu, acheni iseme.

Ikasema. Tukasikia kikohozi kimoja kutoka chini, halafu kikohozi cha ukumbi mzima. Mashine ilikuwa imepiga chafya. Vumbi lote la zege lilitua kwenye vitambaa, kwenye glasi, kwenye ile suti ya maziwa. Nilimwambia Mungu kwamba sifurahi. Alijua ninadanganya, akaninyamazia, kama mama.

Bwana Funguo safari hii ngazi hazikumchosha. Alipanda mbio, kichwa cheupe kama mtu aliyezeeka kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. "Mama, shukeni! Fagieni! Haraka!" Hakuna aliyenyanyuka. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tulikuwa juu, na wa chini alikuwa amekuja mwenyewe. Nikanyoosha kiganja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pochi. Nikamwambia, "Siyo mfukoni, Mzee. Kiunoni."

Akasema atafungua kesho. Katapila akasema, "Basi na sisi tutafagia kesho." Chini sauti ya mwenye jengo ikaita jina lake, ikaita tena. Yule mwenye watoto wadogo ndiye aliyeniziba mdomo nisiongeze neno, maana tayari nilikuwa nimeufungua. Tukamtazama tu. Kwa haraka yake ufunguo ukakosa tundu. Alipofungua akataka kuondoka na kufuli. Nikamwambia, "Na hilo."

Ndipo tukashuka, tukafagia, tukafuta, tukakung'uta, tena vizuri. Kazi ni kazi, kama ulivyosema. Mwenye jengo alinikuta nikipangusa kiti chake, akauliza mlikuwa wapi muda wote? Nikamwambia tulikuwa tunapumzika mahali petu, juu. Akasema, aa. Sijui kama alielewa. Nimeshalisema mbele ya watu, na yeye hakulikana.

Fundi mwenye miwani aliniulizia kabla hajaondoka. Anasema mashine uliifunga sawasawa, mwenyewe hana la kuongeza. Anasema pia angependa siku moja umfundishe kukataa.

Zile mashine tatu umezikosa, Kitinda. Sitakwambia Mungu atakupa sita, hesabu zake sizijui na sipendi kumsemea. Ninachojua ni kwamba wenzangu wameanza tena kukuombea, na Katapila anasema mara hii wanaomba vizuri.

Leo asubuhi Bwana Funguo alinikuta ngazini. Akaniambia nisijisahau, hii ruhusa ni ya muda tu. Nikamjibu kwamba sikumbuki kuiomba.

Ua lilikauka matawi yote, limebaki moja. Nimelisogeza chini ya kile kibomba chembamba kinachodondosha maji ya mashine, linakunywa bila kusubiri mtu. Mashine yako inanguruma upande wake wa tangi, sisi tuko upande wetu, na tumeizoea. Katapila sasa anasali kwa sauti zaidi ili aishinde.

Mama akipona vizuri, njoo uione ilivyokaa. Usimuulize mtu mlangoni. Shika ngazi, panda mpaka ziishe, sukuma. Ukilifikia tangi, vua viatu. Kufuli usilitafute, tumeliweka kwenye pembe ya mkeka, ile yenye doa la pasi, upepo usiukunje.

Dada yako,
Spika